Je, Kiongozi Mpya Atatutua Ndoo?

Sisi tuliozaliwa upande wa Handeni na kuolewa upande wa Korogwe tunayo tabia moja ambayo wakwe zetu huicheka. Hatuwezi kumwaga maji. Maji tuliyooshea mchele tunayakinga, tunasuuzia vyombo, kisha yaleyale tunamwagia mgomba nyuma ya jiko. Mama mkwe akituona husema, “Mwanangu, acha kujitesa, mto si ule pale?” Ni kweli, Mto Pangani unapita hapo Korogwe usiku na mchana. Lakini mtu aliyeanza kubeba ndoo akiwa na umri wa miaka saba hasahau upesi.

Wengi wetu tulilelewa kwa maji ya lambo. Mama zetu waliamka kabla ya jogoo la kwanza, wakajitwika ngata na ndoo, wakaenda kupanga foleni mbele ya ng’ombe, maana ng’ombe wakishatia miguu yao mle ndani yanayobaki ni tope. Kiangazi kikikaza, walichimba kwenye mchanga wa kijito kilichokauka na kuchota kwa kikombe, polepole, mpaka ndoo ijae. Sisi wasichana tulirudi kutoka majini wakati wavulana wameshaingia darasani. Tukafika tumechelewa, tukachapwa, halafu tukaambiwa kwamba wasichana hawana bidii ya masomo.

Ndiyo maana kila tunapoona picha za wagombea zimebandikwa ukutani, swali letu huwa lilelile. Hatuulizi sana habari za vyama. Tunauliza: huyu akiingia, maji yatatoka? Zahanati itakuwa na dawa? Mtoto atapata mwalimu? Katika makala hii tumejaribu kulijibu swali hilo kwa mambo tuliyoyaona wenyewe na kwa yale yaliyomo katika kumbukumbu za nchi.

AHADI YA MITA 400

Ahadi ya maji si mpya hata kidogo. Mwaka 1971 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika, na lambo letu lilikuwa palepale. Mwaka huohuo ikatoka Sera ya Maji, ambayo ilisogeza lengo hadi mwaka 2002. Ulipofika 2002 ikatoka sera nyingine. Mama aliyekuwa mwari mwaka ule wa 1971 alikuwa sasa bibi, na ndoo bado iko kichwani.

Sera hizo zilitaja pia kiasi: lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku. Hebu tupige hesabu ya jikoni. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 150, yaani ndoo kubwa za lita 20 saba na nusu. Kila ndoo ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Mama mwenye kisima mbali, akienda safari mbili kwa siku, analeta lita 40. Kwa hiyo familia inaishi kwa robo ya kile ambacho Serikali yenyewe imesema ni haki yao, na mtoto anayeharisha anaogeshwa kwa kikombe.

Haina maana kwamba hakuna kilichofanyika. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa ambao watu wa kwetu wanaujua kwa herufi tatu, HTM. Maji yanachotwa kutoka Mto Pangani katika kijiji cha Tabora, wilayani Korogwe, yanasafishwa, halafu yanasukumwa kwa pampu kwenda Handeni. Msomaji ambaye hajafika huko aelewe kwamba Handeni iko juu kuliko bonde la mto. Maji hayashuki yenyewe kwenda Handeni. Lazima yapandishwe, hatua kwa hatua, na kila hatua inakula umeme. Kutoka Korogwe mjini hadi Handeni mjini kwa barabara ni kilomita 65. Pampu ikisimama Korogwe leo, kesho ndoo zinalia Handeni.

Linalotuchekesha na kutuhuzunisha ni kwamba mto huohuo ndio unaozalisha umeme. Kituo cha Hale, ambacho nacho kimo katika Wilaya ya Korogwe, kilianza kufua umeme mwaka 1964, na chini yake kituo kipya cha Pangani kilianza katikati ya miaka ya 1990. Maji ya mto yanawasha taa za mbali, na katikati ya mito na nyaya hizo mama amebeba dumu.

Mradi uliobuniwa kwa watu wa miaka ya 1970 haukuweza kuwatosha wajukuu wao. Watu waliongezeka, mabomba yakazeeka, na vijiji vingi vilivyoanzishwa kando ya barabara wakati wa kuhamia vijijini vilikuwa mbali na mito ya asili. Hakuna rais aliyeleta tatizo hilo kwa siku moja, na kwa hakika hakuna anayeweza kuliondoa kwa siku moja.

KINACHOBADILIKA HARAKA

Hata hivyo tusiseme kwamba viongozi wote ni sawa. La hasha. Tumeona kwa macho yetu kwamba kiongozi mpya anaweza kubadili mambo fulani kwa muda mfupi sana.

Rais Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015. Siku nne baadaye alikwenda ghafla katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akakuta mashine kubwa za uchunguzi hazifanyi kazi na wagonjwa wamelala chini. Uongozi wa hospitali ulibadilishwa, na muda si mrefu mashine zikafanya kazi. Fedha zilizokuwa za tafrija ya wabunge zikapelekwa kununua vitanda. Tulisikia habari hizo kwenye redio tukiwa Korogwe, na tunakumbuka jinsi wanawake sokoni walivyoshangilia utadhani vitanda vile vinaletwa kwao. Kwa miezi kadhaa, hata katika ofisi zetu za wilaya, ulimkuta mtumishi kazini saa moja na nusu asubuhi.

Kadhalika ada. Serikali ya Rais Mkapa ilipofuta ada za shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walijaa madarasani karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022, chini ya Rais Samia, mpaka kidato cha sita. Kwa mama wa mkulima wa mahindi hilo si jambo dogo. Wapo mabinti waliokwenda sekondari kwa sababu hiyo tu.

Lakini tazama vizuri. Yanayobadilika haraka ni yale yanayohitaji amri: kufuta, kuzuia, kumwondoa mzembe, kuhamisha fedha kutoka mfuko huu kwenda ule. Yanayohitaji kujengwa na kutunzwa kila siku huenda polepole, na mara nyingine huharibika kwa haraka ileile. Wakati wa Rais Kikwete shule za sekondari za kata zilijengwa kwa wingi mno, na sisi wazazi tulichanga, tukabeba mawe na mchanga. Madarasa yalisimama. Walimu na maabara havikufika kwa kasi hiyo. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kama yalivyotangazwa kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Tulikuwa na majengo, lakini watoto wetu walirudi nyumbani na kukaa barazani.

MKOPO WA RAIS MMOJA, MKATABA WA RAIS MWINGINE

Turudi kwenye maji. Mwaka 2018, wakati wa Rais Magufuli, Tanzania ilipata mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India kwa ajili ya miradi ya maji ya mijini. Mikataba ya ujenzi ilitiwa saini Ikulu ya Chamwino tarehe 6 Juni 2022, Rais akiwa ni Samia Suluhu Hassan. Ndiyo miradi inayojulikana kama ya miji 28, na mmojawapo ni ule wa kuchukua maji ya Mto Pangani kwa ajili ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani.

Hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkopo alikuwa ameshaota meno yote na kuanza kuuliza maswali mkataba ulipotiwa saini. Alipokuwa akitafutiwa sare za darasa la kwanza, mafundi walikuwa bado wanatandaza mabomba. Na katika muda huo rais aliyeanza alikuwa amefariki dunia, mawaziri wamebadilishwa, wakuu wa wilaya wamekuja na kuondoka, hata kuwakariri majina ilikuwa kazi.

Tunaona hapo jambo muhimu. Bomba la maji halitimizwi na kiongozi mmoja. Kiongozi mzuri wa maji ni yule anayekubali kumalizia kazi iliyoanzwa na mwingine, bila kung’oa kibao cha mwenzake na kuanza upya ili asifiwe yeye. Wanawake tunaielewa hali hiyo. Mke mwenye busara akiingia katika nyumba yenye watoto waliokwisha zaliwa, hawafukuzi ili azae wake.

Tangu alipoingia madarakani Machi 2021, Rais Samia amekuwa akisema nia yake ni kumtua mama ndoo kichwani. Sisi tulilipenda neno hilo, kwa sababu ni mara chache kiongozi mkuu akaanza na kichwa cha mama. Waziri wa Maji aliyemteua kuendelea na kazi, Jumaa Aweso, ni mbunge wa Pangani, mji ulio mwisho wa mto huohuo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba huko juu hawajui kiu yetu. Wanaijua. Tunachotaka kujua ni nani atakayeitunza pampu baada ya sherehe ya uzinduzi.

NAMBA 115

Tutaje jambo moja lililokwenda vizuri, tusije tukaonekana wanung’unikaji.

Mmoja wetu alijifungua mwaka 1998 katika zahanati ambayo hatutaitaja. Alitakiwa aje na glavu, wembe, uzi na mafuta ya taa ya kuwashia taa. Uchungu ulipozidi na mtoto hatoki, mhudumu alisema apelekwe hospitali ya wilaya. Gari hakuna. Mume alikwenda kijiji cha pili kuomba lori la mkaa. Mama alipona, mtoto hakupona. Wapo wasomaji wetu wengi wenye kaburi dogo kama hilo nyuma ya nyumba, na wengi hawajawahi kulisema kwa mtu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 tulipoteza akina mama 556. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 104. Hata ukipunguza kidogo kwa sababu takwimu zina makosa yake, hayo ni mabadiliko makubwa. Vituo vya afya vingi vimepewa vyumba vya upasuaji, na vifaa vimesogea karibu na mama. Pia kuna mpango wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio huko Kanda ya Ziwa katika miaka ya 2010, na mwezi Aprili 2022 Rais Samia aliuzindua kwa ajili ya nchi nzima. Unapiga namba 115 bila malipo, mhudumu anasikiliza, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anaitwa dereva wa karibu aliyeandikishwa, naye analipwa na mpango kwa njia ya simu. Mume hahitaji kwenda kuomba lori la mkaa.

Hapa napo kazi ilianza zamani, chini ya uongozi mwingine, ikaendelezwa. Na napo inategemea mtu mdogo: dereva anayeamka saa nane usiku, muuguzi aliyeko zamu kweli. Mama mjamzito anayesoma ukurasa huu aandike namba hiyo ukutani jikoni, kwa mkaa ikibidi. Mume aandike ya kwake mahali pengine. Simu hupotea.

DAFTARI LA PAMPU

Sasa tusimulie lililotokea katika kijiji kimoja cha upande wa Handeni, ambacho nacho hatutakitaja maana bado tuna ndugu huko. Kijiji kilikuwa na kisima chenye pampu ya dizeli. Kila ndoo ililipiwa, na mtu wa kisima aliandika kwenye daftari. Siku moja pampu ikafa. Tukaambiwa hakuna fedha za kipuri. Wanawake wakarudi lamboni, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanaume wakasema tungoje uchaguzi, mwenyekiti mpya atatengeneza.

Uchaguzi ulifanyika, mwenyekiti mpya akapatikana, kijana mwenye maneno matamu. Pampu ikabaki imekufa. Miezi minane baadaye akina mama wa umoja wa kanisani, pamoja na wenzao Waislamu wa kikundi cha kuweka na kukopa, walikwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji wakiwa wengi kuliko kawaida. Hawakwenda kwa matusi. Walikuwa na ombi moja: daftari la pampu lisomwe hadharani. Likaletwa. Likasomwa. Kumbe ndoo zilizolipiwa zilitosha kununua kipuri na kubaki. Hatutasema fedha zilikuwa wapi. Zilirudi, na pampu ikatengenezwa kabla ya masika. Mmoja wa akina mama wale alitukumbusha yule mjane wa kwenye Injili aliyemwendea hakimu mpaka hakimu akachoka. Sisi tulikumbuka zaidi jinsi walivyotetemeka kabla ya kusimama, maana mwenyekiti alikuwa shemeji wa nusu yao.

Kumbe sheria ilikuwa upande wao siku zote. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na sehemu yao isiyopungua robo lazima iwe wanawake. Nayo sheria ya maji ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA kwa ajili ya vijijini, inavipa vyombo vya watumia maji vya jamii kazi ya kuendesha miradi na kutunza fedha zake. Mama anaweza kuwa mhazini wa chombo hicho. Kwa maoni yetu ingefaa awe, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba ndoo fedha zikipotea.

Shida ni kwamba mkutano huitishwa saa nne asubuhi, wakati mama yuko shambani au majini. Anayekosa maji ndiye anayekosa mkutano kuhusu maji. Akina baba wanaosoma gazeti hili la wake zao, na tunajua mnasoma, siku hiyo moja katika miezi mitatu chukueni ninyi dumu.

BAADA YA UCHAGUZI

Viongozi wa vijiji na mitaa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Uchaguzi mkuu ukafanyika tarehe 29 Oktoba 2025, ukafuatiwa na ghasia na vifo, na zipo nyumba ambazo hazikula sikukuu ya Krismasi ya mwaka ule. Hatuwezi kuandika habari za uongozi mpya tukaruka hilo. Mama aliyempoteza mtoto hataulizwa habari za bomba.

Katika kampeni Rais Samia aliahidi mambo ya kufanywa ndani ya siku 100, miongoni mwake hospitali kutozuia maiti kwa ajili ya deni la matibabu. Ahadi hiyo ni ya aina ile ya amri tuliyoitaja: kiongozi anaweza kuitimiza kwa kalamu. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, ni ya aina ya pili. Hiyo ni sawa na pampu. Itahitaji fedha kila mwaka, dawa rafuni kila wiki, na mtu wa kuuliza kila zinapokosekana.

Basi tukiulizwa kama uongozi mpya unaweza kuboresha huduma, tunajibu ndiyo, tumeona. Tukiulizwa kama tukae tuungoje, tunawakumbuka wale waliorudi lamboni miezi minane baada ya kumpata mwenyekiti mpya.

Tulipokuwa tunamalizia makala hii tulipiga simu nyumbani Handeni kumjulia hali dada yetu mkubwa. Kabla hatujauliza habari za watoto, tuliuliza kama kawaida, “Yametoka?” Akasema subirini kidogo, akaenda uani. Tukasikia koki ikifunguliwa.

“Yanatoka,” alisema. “Kateni simu upesi, nikinge.”